Bakuli Lenye Vitone Vitatu

Nina tabia moja ambayo mama yangu aliiombea initoke, na mpaka leo haijanitoka. Nikiingia nyumba ya mtu nikapewa chai, kabla sijamaliza kujibu salamu nimekwisha kuinua kisahani nione chini yake kuna nini. Mama alikuwa akinifinya kwa sababu hiyo kwenye chai za baada ya ibada, kule Shimba Hills. Alisema watu watadhani ninakagua uchafu wao. Mimi nilitaka tu kujua kitu kimetoka wapi mpaka kikafika kwetu, kwa kuwa sisi wenyewe tulitoka mbali. Baba alishuka kutoka Ukambani na jembe, kitanda na mke, akapewa shamba kwenye ardhi ya makazi, nami nikazaliwa hapo.

Tabia hiyo ndiyo iliyonilisha mwaka wa tisini na nane. Mwaka uliotangulia kulikuwa na zile vurugu za Likoni, na wageni wakaacha kuja Diani. Hoteli nilikokuwa nikifua mashuka ikawa inatupunguza mmoja mmoja mpaka ikanifikia. Nikapanga chumba Ukunda, nikatandika gunia sokoni, nikauza mitumba. Makoti mazito ya baridi yalikuja mengi katika marobota yale, na sijui nani huko Ulaya alidhani tunayahitaji.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akiishi Diani miaka mingi. Alikuwa na duka la vinyago, nalo limefungwa kwa kukosa wateja. Hakutazama nguo zangu hata moja. Alitazama pasi ya makaa niliyokuwa nimeiweka juu ya mashati yasipeperuke, pasi kuukuu yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kitasa chake, akaniuliza nauza kiasi gani. Biashara haigombi, lakini mimi nina kichwa kigumu. Nilimwambia simwuzii mpaka aniambie anaipeleka wapi. Alikasirika kidogo, kisha akacheka, akanichukua mpaka nyumbani kwake anionyeshe.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kulia, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Alichomeka waya wa simu, mashine ikapiga kelele kama paka wawili waliofungiwa kabatini, tukangoja. Kisha ikaanza kuonekana picha ya birika, kwanza mfuniko, baadaye mkono, baadaye tumbo. Akaniambia huo ni mnada. Mtu anaweka picha ya kitu alicho nacho, na watu walio popote duniani wanashindana kupandisha bei kwa siku saba. Kama wageni hawaji tena Diani, alisema, basi vitu viende kwao. Nilimwuliza maswali mpaka akashika kichwa. Hao watu wanajuaje kwamba birika halivuji? Anayeshindwa anakasirika? Kuna anayeuza na baadaye akalia? Kuuliza si ujinga, lakini nadhani aliyetunga msemo huo hakuwahi kukaa na mimi.

Pasi yangu ilinunuliwa na mtu wa nchi ya theluji. Tangu siku hiyo tukawa washirika: mimi natafuta, yeye anaweka mnadani, tunagawana. Alipiga picha kwa kamera yake, mwenye studio wa Ukunda akazisafisha, kisha mashine nyingine pale mezani ikazisoma na kuziingiza kwenye kompyuta. Mvua ikinyesha, simu inakufa, na biashara yetu inakufa nayo siku mbili tatu.

Kilichonishangaza ni kwamba sikuwahi kukisia sawa. Nilipeleka kiti kilichochongwa vizuri mno, hakuna aliyekitaka. Nikapeleka mkebe wa biskuti wenye kutu, wenye picha ya mfalme ambaye hata sura yake imekwisha kufutika, nilioupata Majoreni kwa mtu aliyekuwa akiwekea ndoana zake. Watu wawili waliugombania mpaka saa ya mwisho. Mackinnon Road nilikuta taa ya reli yenye kioo chekundu ikining'inia katika zizi la mbuzi. Mwenyewe aliniuliza mnunuzi ataifanyia nini. Nilimwambia ataiweka dirishani bila kuiwasha. Mzee yule alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniomba nimwambie huyo mtu kwamba taa hiyo imewahi kuzuia fisi. Yule Mjerumani aliyaandika maneno hayo chini ya picha, na taa ikapanda bei.

Nilijiona mtu mwaminifu. Kila aliyeniuzia kitu nilimweleza kinakokwenda, na sikumdanganya mtu bei. Nayasema haya mapema kwa sababu ya kilichofuata.

Msambweni kulikuwa na nyumba ya mama mmoja aliyefariki. Hakuacha mtoto. Mpwa wake, bwana wa makamo aliyekulia Mombasa, alikuja kuifunga nyumba na alikuwa na haraka ya kurudi kazini. Alinionyesha rafu nzima ya vyombo vya marehemu, akasema nichukue vyote, yeye hana pa kuvipeleka. Nikakaa mkekani, nikaanza kugeuza kimoja kimoja.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mwanamke wa Kwale analijua, awe Mwislamu au Mkristo. Kukiwa na harusi au matanga, vyombo vya nyumba moja havitoshi. Majirani wanaleta sahani, mabakuli, masinia, na kila mmoja amevitia alama vyake kwa chini. Huyu rangi ya mlango, yule rangi ya kucha. Mama yangu alikwaruza msalaba kwa msumari. Shughuli ikiisha na vyombo vikioshwa, mwanamke mmoja anaketi katikati, anavigeuza na kuita wenyewe. Kisichopata mwenyewe siku hiyo kinabaki katika nyumba yenye shughuli. Hakitumiwi, hakigawiwi, sembuse kuuzwa. Kinakaa hapo mpaka mwenyewe aje, hata ikiwa miaka.

Vyombo vya marehemu vyote vilikuwa na mstari mwekundu. Nikafika kwenye bakuli kubwa la kauri, zito, lenye maua ya waridi na majani ya kijani yaliyochorwa kwa mkono, ukingo wake mzima bila hata ufa. Nikaligeuza. Kulikuwa na muhuri wa kiwanda cha ng'ambo, na juu ya muhuri vitone vitatu vya rangi ya bluu.

Yule bwana wa Mombasa hakujua. Mimi nilijua, na nilijua palepale. Nililiweka pamoja na vingine, nikamlipa, nikafunga mzigo.

Mjerumani alipoliona bakuli alichukua kamera palepale. Alipiga picha mbele, ubavuni na chini. Kisha akasema hiyo rangi imefunika nusu ya muhuri, na wanunuzi wa vitu hivi huutazama muhuri kwanza. Itoke. Nilichukua mafuta ya taa na wembe, nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Vitone viwili vilitoka upesi. Cha tatu kilikuwa kimekaa pembeni peke yake, kimechuruzika kidogo, na kiling'ang'ania. Nilikikwangua huku nikijiambia kwamba marehemu hana wa kumdai, kwamba mwenye bakuli naye huenda amekwisha kufa, kwamba rangi ni rangi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akapiga picha nyingine ya chini, safi.

Siku saba zile nilikuwa nikifunga gunia mapema ili niwahi Diani. Mtu wa kwanza alipandisha, wa pili akampita, wa kwanza akarudi. Aliyeshinda alikuwa mzee wa nchi ileile iliyolitengeneza. Aliandika kwamba mabakuli hayo yalitengenezwa ya kuuzwa huku kwetu tu, na kwao hayapo, kwa hiyo anataka moja lirudi nyumbani. Nililipenda jambo hilo, bakuli kurudi nyumbani. Tulilifunga kwa magazeti na karatasi ya kaki, tukaandika anwani, likangoja posta ifunguliwe Jumatatu.

Jumamosi nikarudi Msambweni. Sikutumwa na dhamira. Nilikwenda kuona kama kuna mengine kama lile.

Nyumba ya jirani na ile ya marehemu ilikuwa ya bibi mmoja mwenye mguu uliovimba, ameunyoosha juu ya kigoda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali, akaniuliza wazazi, akaniuliza mvua za Shimba, na katikati ya hayo mjukuu wake akaniletea chai. Mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikainua kisahani.

Vitone vitatu vya bluu.

Bibi aliniona, akatabasamu. "Na wewe mwanangu watafuta chako?"

Nikakirudisha kisahani chini. Akadhani ninaona haya, akanieleza kwamba yeye pia anatafuta. Alilipeleka bakuli lake kwa jirani siku ya matanga ya mume wa huyo jirani. Kisha mguu ukamlaza, miezi ikapita, na jirani mwenyewe naye akafariki. Alipoweza kusimama alikuta nyumba ina kufuli, na watu wakamwambia vyombo vimeuzwa. Hakuna aliyejua nani kanunua. Tangu hapo kila nyumba anayoingia anaomba radhi, anageuza vyombo vya watu.

Bakuli hilo alikuja nalo mama yake alipoolewa. Katika nyumba yao kila binti akiolewa huondoka nalo, na akizaa mtoto wa kwanza hulirudisha likiwa limejaa mchele. Limetoka mara tano, alisema, na limerudi mara tano. Yule mjukuu aliyeniletea chai alikuwa wa sita, na harusi yake ilikuwa Ijumaa mbili mbele. Bibi hakulia wala hakulalamika. Alisema haki ya mtu haipotei, kisha akaniuliza kama nitaongeza sukari.

Nilimaliza chai ile, nikaaga, nikaondoka bila kusema lolote juu ya bakuli. Kwa hilo najionea aibu kuliko wembe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mjerumani kulidai bakuli, tukagombana. Alisema kilichouzwa kimeuzwa. Alisema katika mnada ule wanunuzi humwandikia muuzaji sifa zake watu wote wazisome, na yeye hana doa hata moja, na sasa nataka nimtie doa kwa sababu ya rangi. Nilimwambia doa lipo tayari, nililitia mimi nilipovifuta vile vitone. Hakunielewa, na sikumlaumu. Nikaanza kuichana ile karatasi ya kaki. Aliniangalia nikichana, kisha akasema kwa Kiswahili chake kisicho na viungo, "Wewe chukua. Lakini wewe ambia yule mzee." Basi tukakaa, mimi nikisema, yeye akiandika, kwamba mwenye bakuli amepatikana na tunaomba msamaha.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikwenda Msambweni nikiwa nimepakata bakuli, na njiani nilitunga uongo mzuri. Ningesema nimelikuta kwa mtu Ukunda nikamnunulia. Hivyo bibi angepata chake, nami ningebaki mtu mwema, tena mwema kupita kiasi.

Alipoliona aliita jina la Mungu. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole ukingoni pole pole, akayagusa maua. Kisha akaligeuza. Nilimwona akitazama, akalisogeza penye mwanga, akatazama tena. Akanirudishia.

"Hili si langu, mwanangu."

"Bibi, mbona ni sawasawa?"

"Kufanana lafanana. Lakini langu lina vitone, na hili halina kitu. Mabakuli haya yalikuja mengi zamani. Hili lina mwenyewe, naye yuko mahali analitafuta kama mimi nitafutavyo langu. Siwezi kumwoza mjukuu wangu kwa chombo cha mtu. Nenda nalo, umtafute."

Nikabaki nimesimama mlangoni kwake, bakuli mkononi. Nitasema kweli yote. Kwa muda wa kama kuvuta pumzi mbili niliona kwamba nimeponyoka. Mwenyewe amelikataa kwa kinywa chake. Kesho ni Jumatatu, posta itafunguliwa, na kule ng'ambo yuko mzee anayelingoja. Sikuhitaji hata ule uongo niliokuja nao. Na bibi alikuwa ameanza kumwita mjukuu aniletee maji.

"Vitone nilivifuta mimi," nikasema.

Aliniuliza kwa nini, nikamwambia. Nilianza na mpwa, na rafu, na mistari myekundu, na kwamba niliona na nikanyamaza. Nikamweleza wembe na mafuta ya taa, na muhuri ambao wanunuzi wanataka kuuona. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. Muhuri huo ni wa nani? Nikasema ni wa waliolitengeneza.

"Kwani wao wanalitafuta?"

"Yuko mmoja," nikasema, na ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akaniambia nimwonyeshe vitone vilikuwa wapi. Nilielewa kwamba ananipima, na alikuwa na haki. Nikaligeuza bakuli, nikaweka kidole hapa, na hapa, na cha tatu nikakionyesha kule pembeni, karibu na ukingo wa chini, peke yake. Nikasema hicho kilikuwa kimechuruzika.

Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Alisema siku alipokuwa akivitia, binti yake mdogo alimvuta mkono akitaka kubebwa, na kitone kikakimbia. Binti huyo ndiye mama yake yule mjukuu. Bibi aliyasema hayo akilitazama bakuli, si mimi, na alikuwa akilia na kucheka pamoja. Nami pia nililia.

Mjukuu alitumwa kuleta kopo la rangi iliyobaki ya dirisha. Juu ilikuwa imeganda, ikabidi itobolewe. Bibi hakulishika kopo. Alinipa kijiti cha kiberiti, akasema, "Tia wewe. Mahali pake." Nikatia cha kwanza, nikatia cha pili. Cha tatu nilikipeleka pembeni, nacho kikachuruzika chenyewe, bila mtu wa kunivuta mkono. Alikipuliza kikauke.

Nikadhani yamekwisha. Akaliweka bakuli magotini, akachungulia ndani, akaniangalia.

"Na chombo cha watu unakirudisha kitupu? Kwenu Shimba ndivyo mfanyavyo?"

Sivyo tufanyavyo. Mama yangu angenifinya mpaka nitoke damu. Nilikimbia dukani, nikarudi na mchele, nikaumimina ndani ya bakuli mpaka ukafika kwenye maua. Ndipo akanikaribisha ndani.

Yule mzee wa ng'ambo alijibu baada ya wiki. Hakukasirika. Alikuwa na ugonjwa kama wangu: aliuliza maswali kumi na moja. Mwenyewe alilijuaje bakuli lake? Vitone vina maana gani? Nani alianza? Mjerumani alinisomea moja moja, nami nikajibu niliyoyajua. Mwisho aliomba ile picha ya kwanza ya chini, ile yenye vitone. Tulimpelekea. Alisema ataiweka kabatini, mahali alipokuwa amelipangia bakuli.

Biashara tuliendelea nayo mpaka mwisho wa mwaka uliofuata. Ila mimi kabla ya kununua chochote niligeuza kwanza, na nikiona alama nauliza ya nani, hata kama muuzaji ananuna. Vingine niliviacha nyumbani kwa watu, na Mjerumani akanuna pia.

Lakini nilikuwa naeleza Jumapili ile. Nilipoaga, bibi alisema siwezi kutoka nyumbani kwake mikono mitupu. Akanipakulia wali na samaki wa nazi katika bakuli dogo, akalifunika sahani, akalifunga kwa leso. Nilikula usiku huo chumbani kwangu Ukunda, nikaliosha, nikaligeuza. Vilikuwepo vitone vitatu, vya bluu, na hakuna kilichokimbia.

Bakuli hilo dogo lilikaa juu ya meza yangu siku nne. Siku ya tano nilipanda nalo Shimba kwa mama, nikamwomba pojo, choroko za shambani, mpya, zilizopepetwa vizuri. Aliniuliza ni za nani. Nikamwambia nina chombo cha watu. Hakuuliza zaidi, akanijazia mpaka zikamwagika.